Kuonja Si Kula

Novemba 3

Naanza kuandika leo kwa sababu nikiyasema yote ninayoyawaza, nyumba hii haitakalika. Mume wangu ana kisukari. Tumeambiwa asubuhi kliniki, na muuguzi mwenye sauti ya upole ambaye nilitamani anifokee, angalau nipate wa kumkasirikia.

Sisi tunauza matunda. Mbele ya nyumba ni genge letu, nyuma ni chumba cha kuivishia, na katikati tunaishi sisi wawili na harufu ya ndizi. Maembe na ndizi vinaingia vibichi, vinafunikwa magunia, vinaiva taratibu bila dawa yoyote. Kazi yangu ni kununua, kupanga na kuuza. Kazi yake ni kuonja. Kila asubuhi kabla sijafungua anapita na kisu chake kidogo kutoka kreti hadi kreti, anakata kipande, anafumba macho, anatafuna, anatoa hukumu. Akisema "Leo", mzigo unatoka. Akisema "Kesho" au "Bado", unarudi chini ya gunia. Hakuna tunda linalouzwa kabla ulimi wake haujalipitisha, na wateja wanalijua hilo. Wanamwita Bwana Ulimi, mpaka jina lake la kuzaliwa majirani wamelisahau.

Muuguzi aliuliza asubuhi anakula nini. Nikajibu mimi, maana yeye akiulizwa habari za mwili wake hugeuka bubu. Nikasema chai na kipande cha mkate. Na matunda? Mara mojamoja, nikasema, baada ya chakula cha jioni. Akatupa vidonge vya asubuhi na jioni, akasema vitu vitamu apunguze, matunda ale kwa kiasi, na asikae na njaa. Akaniandikia namba yake ya simu. Tarehe ya kurudi ni katikati ya mwezi ujao.

Tulipofika nyumbani mume wangu alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akakaa juu ya kreti tupu, kisu mkononi, hakati kitu.

Novemba 4

Nimempigia simu wifi yangu, dada yake mkubwa, kumjulisha tu. Amesema anakuja. Sikumwomba.

Novemba 6

Amekuja. Sanduku alilokuja nalo si la mtu wa kulala siku mbili.

Wifi ni mjane. Mumewe aliondoka kwa ugonjwa huuhuu, na habari zake hazizungumzwi. Hata viatu hajavua vizuri akaingia jikoni, akachukua kopo la sukari na chupa ya asali, akampelekea jirani wa mkono wa kulia. Alivyotoka navyo kifua mbele ungedhani anatoa nyoka ndani ya nyumba. Wakati wa chakula cha jioni akasoma hukumu.

"Embe, hapana. Ndizi mbivu, hapana. Nanasi, hapana. Zabibu msizitaje kabisa mbele yangu. Hiyo yote ni sukari iliyovaa ganda."

"Muuguzi kasema kwa kiasi," nikamwambia.

"Wewe unauza matunda, wifi. Ukiulizwa kiasi utasema kreti."

Mume wangu akacheka, ndiyo mara ya kwanza tangu kliniki. Kisha akauliza, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka, "Na kuonja, dada? Kuonja ni kazi. Kuonja si kula."

Hayo ni maneno ya nyumba hii tangu anioe. Nikila kipande cha nanasi gengeni nimekula, nitakatwa kwenye hesabu kwa utani. Yeye akila ishirini ameonja. Nikamtetea. Tukabishana mpaka chakula kikapoa, na mwisho wifi akalegeza kamba kidogo.

"Onja. Lakini uteme."

Novemba 7

Limewekwa bakuli la bluu. Anakata, anatafuna, anatema. Wifi amesimama mlangoni mikono kifuani, anaangalia shingo ya kaka yake asije akameza.

Kreti tatu za maembe amezisema "Bado". Mimi niliziona kwa macho tu kuwa zilikuwa tayari. Nilipomuuliza akasema ladha ya mwisho inakaa kooni, na huko sasa hafiki.

Novemba 9

Joto. Kazi nyingi. Wifi amekosoa ninavyofunga kanga, ninavyofagia, na ninavyopumua.

Novemba 12

Leo kwenye saa nne mume wangu alikuwa analowana jasho wakati mimi nilikuwa sijavua hata sweta la asubuhi. Mikono inamtetemeka. Mwenye duka la juisi, ambaye tumemzoea kwa jina la Mama Juisi, alikuja kuchagua mananasi yake kama siku zote, akatania kidogo, mume wangu akamjibu vibaya mpaka mama wa watu akaniangalia mimi. Mume wangu si mtu wa kujibu watu vibaya. Akigombana na mteja huwa anamwongezea tunda.

Wifi akamshika mikono yote miwili akainusa.

"Umekula."

"Nimekula nini?"

"Ndivyo alivyoanza marehemu," akanigeukia mimi. "Jasho, hasira, na kujificha."

Mume wangu akanawa mikono akaenda kulala, mchana kweupe. Mimi nilisema ni joto. Na huku majirani wote walikuwa wamejifunika kwa baridi.

Novemba 13

Vilevile. Jasho, saa ileile.

Novemba 15

Wifi amenishika mbele ya wateja kuuliza embe moja la kreti ya juu limekwenda wapi. Nikamwambia nimelila mimi, kwa mdomo wangu, na ganda lake liko kwenye pipa akitaka kulitazama. Alikwenda akalitazama.

Nampenda mume wangu lakini Mungu alipomgawia dada hakumwonjesha kwanza.

Novemba 18

Siku mbaya. Wifi ameinua lile bakuli la bluu akalionyesha kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa kavu.

"Unameza," akasema.

"Nimemeza vipande viwili vitatu. Nilikuwa natetemeka, nikameza nikatulia. Sijui kwa nini, dada, lakini natulia."

"Hata mlevi akipewa pombe hutulia."

Nikaona masikio ya mume wangu yanabadilika rangi. Nilidhani atamfukuza, na kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kulifunga lile sanduku kichwani mwangu. Badala yake alikifuta kisu kwenye suruali, akanishikisha, mpini ukiwa upande wangu.

"Onja wewe, mama."

Tangu nimjue kisu hicho hakijawahi kushikwa na mtu mwingine. Nilipita kreti zote kwa kuwa hapakuwa na jinsi, nikawa nasema "Leo" na "Kesho" kwa sauti ya kubahatisha. Yeye alikaa gengeni akiangalia barabara, mgongo kwetu.

Novemba 20

Mama Juisi amerudisha mananasi. Amesema ni makali, yanakata ulimi. Amesema kwa adabu lakini amesema mbele ya watu. Mume wangu alisikia yote, akajitia hamnazo.

Novemba 22

Mvua kubwa, genge halikufunguliwa. Tulikuwa tunaosha kreti uani chini ya bati, mimi na wifi, mvua inapiga juu yetu kiasi kwamba ilibidi tusogeleane ili tusikilizane. Labda ndiyo maana alisema.

Alisema marehemu mumewe alikuwa akificha peremende ndani ya viatu. Yeye alizijua zilipo na hakuzigusa. "Alikuwa mtu mzima analia kwa ajili ya embe," akasema, "na mimi nikawa namkatia. Namkatia kidogo, halafu kidogo tena." Walimkata vidole vya mguu, halafu mguu, na baada ya mguu akawa hataki tena kuamka. "Mimi ndiye niliyempa, wifi. Kwa mkono huu. Nilimwonea huruma."

Maji ya kreti yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye viwiko na hakuwa anayafuta. Nikaona aibu kwa kila nililowahi kuliandika humu. Mwanamke huyu hakuja kunitawala. Amekuja kulinda mguu wa kaka yake kwa kuwa wa mumewe aliuachia.

Nikamwambia kuanzia leo tuko pamoja. Akauliza habari ya mkate wa asubuhi, kwamba nao mwishowe ni sukari tu. Nikasema sawa, tuuondoe.

Novemba 24

Chai kavu na vidonge vyake. Mume wangu amekunywa bila kulalamika. Naona hilo la kutolalamika ndilo linalonikera zaidi.

Novemba 27

Amepungua. Suruali ameifunga kamba. Wifi anasema hizo ni dalili njema, sukari inatoka. Lakini leo alimwita mteja wa siku zote kwa jina la mtu mwingine, na alipoletewa chai akatia chumvi, akakoroga, akaitazama. Nilimuuliza una nini, akasema kichwa kina ukungu. Ikifika saa saba mchana, baada ya chakula, anakuwa mtu tena, anatania, anauliza mauzo. Asubuhi ndiyo inayonipa mgeni.

Wifi anasema ni hasira za kunyimwa. Na mimi sasa nasema hivyohivyo.

Novemba 30

Nilikuwa nafua. Kwenye mfuko wa suruali yake nikakuta ganda la ndizi, limekunjwa vizuri kama leso.

Sikumwambia wifi. Nilimfuata mwenyewe chumba cha nyuma nikamtolea maneno ambayo wifi hajawahi kumtolea. Nikamuuliza anataka nimbebe mgongoni akikatwa mguu? Anataka niuze hili genge nimnunulie magongo? Anataka nivae nyeusi mwaka huu au mwakani?

Akaniacha nimalize. Kisha akasema polepole, "Nikila kidogo natulia, mama. Nakuambia ninavyojisikia."

"Hata marehemu alikuwa anatulia," nikasema.

Akanitazama kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kufuli limebadilishwa. Sitaki kulifikiria tena jicho lile, kwa hiyo nimeliandika.

Desemba 1

Hatuongei.

Desemba 2

Joto tena. Maembe yanaiva yote kwa pamoja na mimi sijui lipi la leo na lipi la kesho. Nusu kreti imeoza. Harufu imeingia mpaka kwenye mito ya kulalia.

Desemba 5

Naandika ya jana. Jana nisingeweza kushika kalamu.

Asubuhi alikunywa chai yake kavu, akameza kidonge, akasema anakwenda kugeuza ndizi. Mimi nilikuwa nafungua genge. Baada ya muda nikamwita anisaidie na kreti nzito, hakuitika. Nikaita tena. Nikaenda nimejaa maneno mdomoni.

Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kreti, miguu imenyooka. Shati lilikuwa limelowa kama ametolewa kisimani. Macho yalikuwa wazi lakini yananipita pembeni. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika embe bivu, na lilikuwa limeng'atwa mara moja, kwa juu, karibu na kikonyo, pale anapoonjea siku zote.

Nilijua nimeelewa. Hilo ndilo linalonitisha hadi sasa, kwamba sikuwa na shaka hata chembe. Nikasema amekula, amekula mengi, hili ni la mwisho tu, sukari imempanda kichwani. Nikapiga magoti nikalivuta lile embe. Hakuliachia. Mtu asiyeweza kuinua shingo, na embe hataki kuliachia. Midomo yake ilikuwa inasogea, inatoa sauti kama ya mlevi. Nikaanza kumkunjua vidole kimoja kimoja, nalia, namwambia acha, baba, acha, acha unajiua. Kidole cha kati kiligoma. Nikakivuta nyuma mpaka kikalia. Embe nikalitupa dirishani.

Kisha nikamwita wifi. "Amekula," nikamwambia. "Amekula na amezidiwa."

Nilitegemea apige kelele. Wifi alisimama, akamtazama kaka yake, akainama akamgusa shingo, akagusa paji la uso. Akavitazama vidole vyake vilivyolowa.

"Marehemu alikuwa anakauka," akasema. "Alikuwa anawaka moto na anakauka, anaomba maji. Huyu ni wa baridi."

"Nisaidie tumtoe nje."

"Mpigie yule muuguzi."

"Wifi, nisaidie tumtoe."

Akanipokonya simu kwenye mfuko wa aproni. Akapiga yeye, akaweka sauti kubwa, na muuguzi kwa bahati akapokea. Wifi akaeleza kwa maneno machache kama mtu anayetoa taarifa ya moto. Muuguzi akauliza ameloa jasho? Ndiyo. Mnamwita anasikia? Kidogo. Anaweza kumeza? Wifi akamtia tone la maji kinywani, koo likapanda na kushuka. Anaweza.

"Mpeni sukari. Sasa hivi. Sukari, asali, juisi, chochote kitamu. Imeshuka mno hiyo, haikupanda."

"Amekula embe," wifi akasema.

"Mama, mpeni kwanza. Halafu tubishane."

Nikakimbilia jikoni. Nilifungua kabati, nikafungua kopo moja baada ya jingine kama mwendawazimu, kabla sijakumbuka kuwa sukari na asali vyote vilikwenda kwa jirani siku ile wifi alipofika. Nilisimama katikati ya jiko. Nje ya mlango ule palikuwa na kreti kwa kreti za utamu mpaka darini, na mimi natafuta kijiko cha sukari.

Wifi ndiye aliyeita. "Machungwa, wifi. Kamua machungwa."

Nikakata, nikakamua kwa mikono ndani ya kikombe, mbegu na nyama zake humohumo. Wifi alikuwa amemlaza kaka yake kifuani, ameshika kidevu, na kikombe akakishika mwenyewe. Mkono uleule aliosema ulimuua mumewe. Haukumwaga hata tone. Akawa anamnywesha kidogo, anasubiri ameze, anampa tena. Kikombe cha kwanza kikaisha. Nikakamua cha pili. Muuguzi alikuwa bado yuko hewani, anauliza vipi sasa, anauliza tena vipi sasa.

Mume wangu akakunja uso. Macho yakarudi kutoka huko yalikokuwa, yakamwona dada yake, yakaona kikombe.

"Bado hili," akasema. "Nani kalikata chungwa hili? Lilikuwa la wiki ijayo."

Wifi akaanza kucheka na hakuweza kuacha, na mimi nikaketi sakafuni kwenye maganda nikalia kwa sauti, sijali nani anasikia.

Jirani akatupeleka hospitali kwa gari lake. Wamempima, wamemlaza usiku mmoja, leo amerudi.

Desemba 6

Kliniki. Tulikwenda watatu. Muuguzi akauliza upya, bila kuharakisha, asubuhi anakula nini. Nikafungua mdomo, kisha nikaufunga. Nikamwambia mume wangu ajibu yeye.

"Naonja," akasema.

"Unaonja nini?"

Akaeleza. Kreti hadi kreti, kipande hadi kipande, embe, ndizi, nanasi, papai, kila siku ya Mungu, kabla ya jua kuwa kali. Muuguzi akauliza vipande vya ukubwa gani. Akaonyesha kidole gumba. Vingapi? Msimu ukichanganya, hajui, huenda hata thelathini. Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Na mara ile mlipokuja, mlikuwa mmeshapita kwenye kreti?"

"Kila mara tunapita kwanza," nikasema.

"Basi hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha asubuhi. Vidonge vilipimiwa mtu anayekula hivyo. Ninyi mkaondoa chakula, mkaacha vidonge."

Siwezi hata kusema tulimdanganya. Kama angetuuliza kwa kiapo, sote wawili tungeapa kwamba anakula kipande cha mkate tu. Katika nyumba yetu, kilichopita kwenye ncha ya kisu kile hakikuwahi kuitwa chakula.

Wifi aliuliza swali lake kwa sauti ndogo sana ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Aache matunda gani?

Muuguzi akasema hakuna tunda la kuliogopa kama nyoka. Embe linataka kipande, si embe zima, na nanasi vilevile, na lisitangulie kwenye tumbo tupu. Juisi aiache, ila siku akianza kutetemeka tena, na siku hiyo asiombe ruhusa kwa mtu. Vidonge akavibadilisha. Akatupa mashine ndogo ya kupimia kwenye kidole, akamwonyesha mume wangu, si mimi, jinsi ya kuitumia.

"Na ukijisikia vibaya," akamwambia, "sema. Na wao wakusikilize."

Alisema "wao" bila kututazama. Nilitamani ardhi ya kliniki inimeze.

Desemba 8

Amekula mkate, amekula yai, ameonja nusu ya kreti zote kwa vipande vyembamba. Nusu nyingine nimeonja mimi, yeye ananisahihisha. Hakutoka jasho. Saa nne ilipita kama saa nyingine yoyote na sote watatu tulikuwa tunaitazama.

Wakati wa chai alimuuliza wifi, "Siku ile ilikuwaje? Nakumbuka machungwa tu."

Moyo ukanilipuka. Wifi akajibu huku anapanga vikombe, "Mkeo alikukuta, akakukamulia. Angechelewa kidogo ungekuwa unatuonjea huko ahera."

Mume wangu akanishika bega. Wifi hakunitazama. Alijua. Alikuwa amepita nje chini ya dirisha, akaliona lile embe, limeng'atwa mara moja tu. Na alimwona kaka yake anavyoshika kisu tangu jana, kidole cha kati kimenyooka, hakikunjiki, kimevimba kwenye fundo. Mume wangu amewaambia wateja kagonga kreti.

Desemba 10

Kidole bado. Nimempaka dawa ya kuchua. Alisema ahsante.

Desemba 13

Nilitaka kumwambia mume wangu ukweli wa kidole asubuhi. Mama Juisi akaja, kachukua mananasi, karidhika. Nilitaka kumwambia mchana. Alikuwa anacheka na mtu. Kila anaposhika kisu naangalia kando.

Desemba 16

Wifi ameondoka. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa jirani, akarudi na kopo la sukari na chupa ya asali, akavipanga kwenye kabati mahali vilipokuwa. Asali imepungua nusu, jirani kajisaidia.

Kituoni nilimwambia, "Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Upi? Kwamba uliogopa?" Akapandisha sanduku. "Nilikufundisha mimi kuogopa, wifi. Na mwenzangu wa kuogopa naye sina mwingine."

Tukakumbatiana vibaya, sanduku katikati. Nyumba imekuwa kubwa ghafla na sikuipenda.

Desemba 21

Msimu wa maembe umekatika mapema mwaka huu. Imebaki kreti moja ya maembe, ya mwisho, mvua za alfajiri zimeshaanza kuyapasua huko yanakotoka. Mume wangu alijipima, akatangaza namba yake kwa sauti kama mtu aliyefaulu mtihani, akala mkate wake, akameza vidonge. Kisha akanifuata chumba cha nyuma. Kulikuwa na mwanga mzuri. Magunia yote yamekunjwa.

Akachagua embe, akaligeuza, akashika kisu na kile kidole kimesimama peke yake.

"Bado kinauma?" nikauliza. Nilikuwa sijawahi kuuliza.

"Kinapoa," akasema. "Lakini una mkono mgumu, mama. Sijanyang'anywa embe namna ile tangu utotoni, na aliyekuwa ananinyang'anya ni huyohuyo dada yangu."

Nikatafuta pa kukaa. Nikakaa juu ya kreti.

"Ulisema unakumbuka machungwa tu."

"Nilisema hivyo kwa dada."

"Ulikuwa unaniona?"

"Mdomo ndio uliokataa. Macho yalikuwa yanaona." Alikuwa anakata taratibu, kipande chembamba kama anavyotakiwa. "Ulikuwa unalia huku unanikunjua vidole. Nikasema basi, leo mke wangu ananiua kwa mapenzi."

Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia kwamba aliniambia mwenyewe anavyojisikia, kwa mdomo wake, kwenye chumba hikihiki, na mimi nikamjibu kwa habari za mtu mwingine. Nikamwambia nimekuwa nikikiangalia kidole hicho kila siku nikashindwa kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku ya ganda la ndizi. Hakusema "si kitu". Ningejua ni uongo.

Alikata kile kipande katikati, nusu akanipa mimi kwa ncha ya kisu.

"Haya, unasemaje?"

Nikafumba macho nikatafuna kama anavyofanya. "Leo," nikasema.

Akatia nusu yake kinywani, akafumba macho. Akatafuna muda mrefu kuliko kawaida yake, mpaka nikaanza kudhani nimekosea.

"Leo," akasema, na akameza.